Maswali na Majibu: Koma ya Kiingereza katika Sikio la Kiswahili

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa jambo moja: alama za uandishi tulizozipokea pamoja na herufi za Kirumi na masomo ya Kiingereza, ambazo leo tunazitumia katika lugha zaidi ya moja bila kujiuliza kama kila lugha inazipa kazi ileile. Nimechagua sita.

SWALI (mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, Iringa): Ndugu Mhariri, tulipokuwa shule ya msingi tulifundishwa kwamba koma ni mahali pa kupumua na nukta ni mahali pa kupumzika. Sasa ninaposahihisha insha za Kiingereza za wanafunzi wangu nakuta wametia koma kati ya kiima na kitenzi, kwa mfano "The people who live near the lake, depend on fishing." Nikiwauliza, wananijibu kwamba hapo ndipo walipopumua, nami nakosa la kuwaambia. Je, tulifundishwa uongo?

JIBU: Mwalimu, kanuni uliyofundishwa ilikuwa sahihi kwa karne nyingi, kisha Kiingereza kikaiacha. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba mashuhuri ya Alexandria huko Misri, alianza kutia nukta katika maandishi ya Kigiriki, ambayo wakati huo yaliandikwa kwa herufi zilizofuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Nukta hizo zilikaa katika vimo vitatu, nazo zilimwonyesha msomaji, ambaye kwa kawaida alisoma kwa sauti mbele ya watu, mahali pa kutua kidogo, pa kutua kiasi na pa kutua kabisa. Vipande vya maneno vilivyotengwa hivyo viliitwa komma, kolon na periodos, na baadaye majina ya vipande yakahamia kwenye alama zenyewe. Komma maana yake ni kipande kilichokatwa. Kwa hiyo anayeiita alama hii "mkato" ameirudisha kwenye maana yake ya mwanzo.

Nafasi kati ya maneno ilikuja baadaye sana. Watawa wa Ireland, ambao kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kujifunza kitabuni, ndio walioizoesha katika karne ya 7 na ya 8, na jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka, kwa sababu linaonyesha kwamba msaada mkubwa kuliko yote katika usomaji ulitoka kwa watu waliokuwa wakihangaika na lugha ya wengine, kama wanafunzi wako wanavyohangaika leo. Kisha ukaja uchapaji. Katika miaka ya 1490, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius aliingiza nukta mkato (;) katika vitabu vyake, na kadiri vitabu vilivyoenea ndivyo watu walivyozidi kusoma kimyakimya, hata pumzi ya msomaji ikakosa kazi. Wanasarufi wa Kiingereza wa karne ya 18 na ya 19 wakaifunga koma kwenye muundo wa sentensi, na huko ndiko ilikobaki. Katika Kiingereza cha leo koma moja haiwezi kukaa kati ya kiima na kitenzi chake, hata kiima kiwe kirefu namna gani. Zinaweza kukaa koma mbili, zikifungia maneno ya nyongeza, kama katika "The fishermen, tired and wet, went home". Ama ziwe mbili, ama isiwepo hata moja.

Ningependa, hata hivyo, usiwahesabu wanafunzi wako kuwa wazembe. Tazama tunavyoandika methali: "Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu." Kwa kipimo cha Kiingereza koma hiyo ni kosa, kwa kuwa "asiyesikia la mkuu" ndicho kiima na "huvunjika" ndicho kitenzi. Lakini huandikwa hivyo vitabuni na kwenye khanga, na haimkwazi msomaji, kwa sababu methali ina vipande viwili kama mshororo wa shairi ulio na ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili, na washairi wetu hutia koma mwishoni mwa ukwapi hata kama sentensi haijakamilika. Koma ya shairi hufuata mizani, wala haiulizi kiima kiko wapi. Mtoto aliyekua akisikia methali, vitendawili na mashairi ana sikio linalogawa maneno mawili mawili, na sikio hilo ndilo linalotia koma baada ya "lake". Mwambie hivyo waziwazi. Mwanafunzi akijua kwamba kosa lake lina asili yenye heshima katika lugha yake, atalirekebisha kwa moyo mwepesi kuliko akiambiwa tu kwamba amekosea.

Darasani jaribu njia hii: kila mmoja atafute kitenzi kikuu, aulize "nani?" au "nini?", kisha apigie mstari jibu lote, liwe neno moja au kumi. Koma isiingie kati ya mstari huo na kitenzi. Njia hii itakufikisha pia kwenye tofauti ambayo huwasumbua wengi. "My brother who lives in Mwanza" inampa msomaji kuelewa kwamba una ndugu wengine wa kiume, na huyu ni yule wa Mwanza. "My brother, who lives in Mwanza," inamtaja ndugu mmoja, na habari ya Mwanza ni nyongeza. Sisi tuna njia yetu ya kutenganisha mambo hayo, maana "kaka yangu anayeishi Mwanza" hubagua, na "kaka yangu, ambaye anaishi Mwanza," huongeza habari, kwa hiyo unaweza kuwafundisha koma ya Kiingereza kwa kuanzia kwenye kitu ambacho tayari wanakisikia.

Kuhusu nathari ya Kiswahili, maoni yangu ni kwamba tuiache koma ya mizani katika methali na mashairi, na tusiitie kati ya kiima na kiarifu katika habari za kawaida, kwa sababu kwetu inaweza kugeuza maana kabisa. "Mwalimu ameondoka" ni taarifa kwamba mwalimu hayupo. "Mwalimu, ameondoka" ni taarifa anayopewa mwalimu kuhusu mtu mwingine.

SWALI (kijana wa Tanga): Wenzangu wengi hatuweki alama ya kuuliza katika ujumbe wa simu, na nimeona hata wanaoandika Kiingereza hawaiweki. Baba yangu mdogo anasema katika Kiswahili kosa hili ni kubwa zaidi. Ana haki?

JIBU: Baba yako mdogo ana haki. Katika Kiingereza maneno hubadili mpangilio ili kuuliza, hivyo "You have arrived" huwa "Have you arrived", na msomaji hutambua swali tangu neno la kwanza, alama iwepo isiwepo. Kwetu "Umefika" na "Umefika?" ni neno lilelile, na kinachotofautisha ni sauti ya msemaji. Kwenye karatasi au simu, sauti hiyo imebebwa na alama peke yake. Ujumbe usemao "Baba ametoka hospitali" unaweza kuwa habari ya kufurahisha au swali la mtu mwenye wasiwasi, na anayeupokea hana pa kujua.

Kihispania kina tatizo linalofanana na letu, na Akademia ya Kifalme ya Hispania iliamua mwaka 1754 kwamba alama ya kuuliza iwekwe pia mwanzoni mwa swali, ikiwa imepinduliwa, ili msomaji asifike mwisho wa sentensi ndefu ndipo atambue kuwa alikuwa anaulizwa. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa neno "je". Likisimama mwanzoni, lifuatwe na koma: "Je, mmepata barua yetu?" Likiunganishwa na kitenzi, kama katika "mmefikaje?", halihitaji koma.

SWALI (mfasiri wa mikataba, Dar es Salaam): Katika mikataba ya Kiingereza ninayoifasiri, wengine hutia koma kabla ya "and" au "or" ya mwisho katika orodha, na wengine hawatii. Mteja mmoja aliniambia kwamba ni mtindo tu na nisiujali. Nifanyeje ninapoihamishia katika Kiswahili?

JIBU: Ndugu mfasiri, usiache kuijali. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy waliidai kampuni malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipiwa saa za ziada: kutia vyakula makoponi, kuvisindika, kuvihifadhi, kuvigandisha, kuvikausha, kuvitafutia soko, kuviweka ghalani, na mwishoni maneno "packing for shipment or distribution of", yakifuatwa na aina za vyakula vyenyewe. Kabla ya "or" hapakuwa na koma. Kampuni ilisema kwamba usambazaji ni kazi ya peke yake, na madereva ndio wasambazaji. Madereva walisema kwamba kwa kuwa hakuna koma, maneno hayo yanataja kazi moja tu ya kufungasha, iwe ni kwa ajili ya kusafirisha au ya kusambaza, nao hawafungashi chochote. Mwezi Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba sheria hiyo ina utata, na ikaamua upande wa madereva. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5, na kabla ya hapo watunga sheria wa Maine walikuwa wameshaiandika upya orodha ile kwa kutenganisha kila kazi na nyingine kwa nukta mkato.

Sasa jiweke mahali pa mfasiri aliyepewa sheria hiyo kabla ya hukumu. Kwa Kiswahili ni rahisi kuufuta utata huo bila kukusudia, kwa kuwa ukiandika "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kwa ajili ya kusambaza" umeshawapa madereva ushindi, na ukiandika "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha, au kusambaza" umeipa kampuni. Ndiyo maana nasema kwamba mfasiri akikutana na orodha ya namna hii asiamue peke yake, bali amwandikie mteja na kumwuliza alikusudia nini, kisha ahifadhi jibu hilo.

Kuna na mtego wetu wenyewe. "Mkataba ulisainiwa na mkurugenzi, mwanasheria wa kampuni na katibu." Je, sahihi ni mbili au tatu? Msomaji mmoja ataona watu watatu. Mwingine ataona mkurugenzi ambaye ndiye mwanasheria wa kampuni, pamoja na katibu. Hapa koma ya Kiingereza haitusaidii sana, na wala hatuihitaji, kwa sababu wazee wetu walikuwa na desturi ya kurudia kiunganishi: "na mkurugenzi, na mwanasheria wa kampuni, na katibu." Wahariri wa siku hizi huifuta "na" ya kati wakiiona kuwa ya ziada, kwa kufuata mazoea ya Kiingereza. Katika hadithi sina ugomvi nao. Katika mkataba nawasihi waiache.

SWALI (mtumishi wa shirika lisilo la kiserikali, Bujumbura): Naandika taarifa kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Wenzangu wa Tanzania hunifutia nafasi ninayoiacha kabla ya alama ya kuuliza, na mara moja tulikosana kuhusu kiasi cha fedha kwa sababu ya koma. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kila mmoja yuko sahihi katika lugha yake. Kifaransa huacha nafasi ndogo kabla ya nukta mkato, koloni, alama ya kuuliza na alama ya mshangao, na hunukuu maneno kwa alama zenye umbo la mishale miwili miwili, « hivi », zikiwa na nafasi ndani. Kiingereza na Kiswahili kiandikwacho Tanzania na Kenya havina nafasi hizo. Hata wenye Kiingereza hawaafikiani, kwa kuwa Mmarekani hutia koma na nukta ndani ya alama za kufungia hata pale maneno yaliyonukuliwa hayakuwa nazo, na Mwingereza kwa kawaida huziacha nje. Fuata lugha ya hati, si lugha uliyosomea.

Suala la namba ni zito zaidi. Mtu aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi akiona 2,500 atasoma elfu mbili na mia tano. Aliyesomea kwa Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, anaweza kusoma mbili na nusu, kwa kuwa kwake koma ndiyo inayotenga desimali. Hati ikivuka mpaka, andika maelfu kwa nafasi, yaani 2 500, kama wanavyoshauri wanaosimamia vipimo vya kimataifa, na kiasi cha fedha ukiandike pia kwa maneno. Katika dozi ya dawa, usitumie koma hata kidogo bila kueleza maana yake.

SWALI (mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nakuru): Shikamoo Mwalimu. Nashindwa kukumbuka lini niandike "its" na lini "it's". Pia, ritifaa ya Kiingereza na ile ya "ng'ombe" ni alama moja?

JIBU: Marahaba. Umbo ni moja, kazi ni mbali kabisa. Ritifaa iliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa katika karne ya 16, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba kuna herufi iliyoachwa. Baadaye ilitumika kwa umilikaji, kwa sababu mwisho wa zamani wa umilikaji ulikuwa "-es", na irabu yake ilikuwa imeshaanguka katika matamshi. "It's" ni "it is" au "it has" iliyofupishwa. "Its" inamilikisha, kama "his", ambayo haina ritifaa. Ukikwama, soma sentensi kwa "it is". Ikikubali, tia ritifaa. Usivunjike moyo, maana katika karne ya 17 na ya 18 wachapaji wa Kiingereza wenyewe walichapa "it's" kwa umilikaji, na kanuni ya leo haikutulia hadi karne ya 19.

Katika Kiswahili ritifaa ya "ng'ombe" haionyeshi kilichoachwa wala kumilikisha. Ni sehemu ya tahajia, sawa na herufi: mwezi unang'ara, lakini mtaa wa Nairobi ni Ngara. Ukiiacha umekosea neno, kama vile ungeacha herufi ya kawaida. Ritifaa ya ufupisho tunayo pia, ila kwa washairi, wanaoandika "'takuja" kwa maana ya "nitakuja" ili mizani itimie, na wao huiita inkisari. Jambo moja la kompyuta: ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti ndani ya mashine, kwa hiyo ukitafuta "ng'ombe" katika faili lenye ritifaa zilizopinda, programu nyingine zitakuambia neno hilo halimo. Chagua moja katika kazi yako yote.

SWALI (mama mwenye asili ya Unguja, Muscat): Nimerithi barua za babu kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hazina nukta ya mwisho wa sentensi wala koma. Nataka kuzihamishia katika herufi za Kirumi ili wanangu wazisome. Nitajuaje alipokusudia kutua?

JIBU: Bibi, kwanza uelewe kwamba babu hakuwa na upungufu. Alama za sentensi tulizozizoea, yaani koma iliyogeuzwa ، na alama ya kuuliza iliyogeuzwa ؟, zimeenea katika Kiarabu hivi karibuni tu. Mwanazuoni Ahmad Zaki Pasha alichapisha huko Cairo mwaka 1912 kitabu kidogo cha kuziratibu, na waandishi wa barua wa pwani walikuwa wameshakuwa na njia zao. Waliyagawa maneno kwa maneno. Baada ya salamu utakuta "wa baadu", hapo ndipo habari inapoanza. Kisha "na", "tena", "ama" na "kisha" hufungua kila jambo jipya. Unapoyakuta maneno hayo, mara nyingi sentensi mpya imeanza.

Wewe uliyesoma chuo cha Kurani una msingi mwingine ulio bora kuliko wangu. Katika msahafu kuna alama za waqfu, yaani za kusimama, nawe unajua kwamba mim humlazimu msomaji asimame, jim humpa hiari, na lam-alif humzuia. Wanazuoni walioziweka waliangalia maana, hawakuangalia pumzi inakwisha wapi. Msomaji aliyeishiwa pumzi mahali pasipofaa hurudi nyuma aanze tena. Isome barua ya babu kwa nidhamu hiyohiyo.

Uwe mwangalifu, kwa kuwa kila koma utakayotia ni uamuzi wako, si wake. Mwaka 1916 Roger Casement, mtu yuleyule ambaye taarifa yake ya 1904 ilifichua mateso ya watu wa Congo chini ya Mfalme Leopold, alishtakiwa London kwa uhaini chini ya sheria ya mwaka 1351 iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Mabishano yalikuwa kama maneno "au kwingineko" yanafungamana na kosa lenyewe la kujiunga na maadui wa mfalme, au na maneno ya kuwapa msaada yaliyotangulia tu, na majaji walikwenda kuikagua hati ya asili kutafuta alama. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo watu husema kwamba alinyongwa kwa koma.

Barua ya ukoo nayo inaweza kugawa mali. Tuseme babu ameandika: "shamba ni la Salimu na mdogo wake Fatuma atachukua nyumba". Ukitia koma baada ya "Salimu", shamba ni lake peke yake, na Fatuma ndiye mdogo wake. Ukiitia baada ya "mdogo wake", shamba ni la watu wawili, na Fatuma ni mtu mwingine. Angeandika "nimempa" au "nimewapa", kiambishi kimoja kingemaliza shauri, kwa hiyo kabla ya kutia alama yoyote tafuta viambishi hivyo katika mistari ya karibu. Nakushauri uandike nakala ya kwanza bila alama, neno kwa neno, ukifuata mistari ya babu. Kisha isome kwa sauti mbele ya shangazi au mjomba aliyewahi kumsikia babu akizungumza, utie alama kwa penseli katika nakala ya pili, na pale mnapotofautiana pabaki wazi kama babu alivyopaacha.